Kusaini na Kutia Sahihi

Siku moja huko Kwedizinga, mzee mmoja aliniomba nimsaidie kwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nikaipitia upesi hadi chini, penye neno "sign", nikamwambia, "Babu, hapa unatakiwa utie sahihi." Akaniuliza, "Mjukuu wangu, nitatiaje sahihi jambo nisilojua kama ni sahihi?"

Sikuwa na jibu. Swali lile lilinirudisha kwenye kitenzi nilichodhani nimekijua tangu shuleni.

Asili yake ni Kilatini, signum, yaani alama. Sisi tulikifasiri kwa neno lililotoka Kiarabu, sahihi, lenye maana ya jambo la kweli lisilo na kosa. Kwa asili ya maneno haya, basi, mwenye kusaini ameacha alama, na mwenye kutia sahihi amethibitisha ukweli.

Uzigua imeilipia tofauti hiyo. Mwishoni mwa 1884, Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Watawala walichora alama chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Alama zikahesabiwa kuwa ridhaa.

Wakaja Waingereza, wakakuta mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Mashamba ya Tanga, Korogwe yakiwamo, yalihitaji watu wa mikataba kutoka mbali, na wengi wasiojua kusoma walitia dole gumba. Wakaitwa manamba, jina lililozaliwa na neno la Kiingereza la nambari.

Leo kusaini kumekuwa Kiswahili halisi: barua imesainiwa, mkurugenzi hajasaini, karani amenisainisha. Sahihi haikubali kunyambuliwa hivyo, kwani kusahihisha ni kuondoa makosa. Basi sikikatai kitenzi hiki kigeni. Ninachowaomba malenga na wapenzi wa lugha ni kwamba tusiyafanye maneno haya mapacha. Palipo na alama tu, tuseme mtu amesaini. Palipo na ridhaa ya aliyeelewa, tuseme ametia sahihi.

Mzee yule alikataa kugusa wino mpaka nilipomfasiria karatasi yote, mstari kwa mstari. Nilipomaliza, alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha kidole gumba. "Haya," akasema, "sasa natia sahihi."