Sauti ya Kukwaruza na Mapigo Yaliyolegea: Bi Kidude na Suala la Mizani katika Taarabu ya Zanzibar

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uimbaji wa Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, kwa kuuweka katika historia ya taarabu ya Zanzibar. Yanadai kwamba ukwaruzo wa sauti yake na uhuru wake mbele ya mapigo ni urithi wa mapokeo mawili, taarabu ya Siti binti Saad na ngoma ya unyago, na kwamba uhakiki unaohesabu mizani peke yake hauwezi kuueleza urithi huo.

1. Utangulizi

Historia ya taarabu kwa kawaida huanzia katika kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, hutajwa kuwa ndiye aliyeufungulia mlango muziki wa Misri, na Nadi Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa 1905, hutajwa kuwa chama kilichoulea mjini. Masimulizi haya yana ukweli, lakini yanabeba pia kipimo kilichojificha: sauti nzuri ni ile laini, iliyofunzwa, inayokwenda sambamba na fidla na ganuni. Kwa kipimo hicho Bi Kidude, mwenye sauti nzito iliyokaribia ya kiume, huonekana kama ajabu iliyozuka pasi na asili.

2. Urithi wa Siti

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, aliipa taarabu ya Kiswahili hadhi iliyokuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Kundi lake lilikuwa dogo, na katika kundi la aina hiyo ala chache humsikiliza mwimbaji na kumfuata. Okestra kubwa zilizokuja baadaye zilidai nidhamu nyingine, kwani wapiga fidla wengi hawawezi kumngojea mtu mmoja kila anapovuta neno. Bi Kidude alijifunza nyimbo za Siti kwa kusikiliza, akaendelea kuziimba hadi karne ya 21. Alipofariki Aprili 2013, mwaka wake wa kuzaliwa haukuwa ukijulikana kwa yakini.

3. Mizani na muda

Mshororo wa shairi la taarabu aghalabu huwa na mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Mizani hiyo ni hesabu ya silabi na haisemi lolote kuhusu muda wa kila silabi. Neno *nimekuja*, kwa mfano, lina mizani minne iwe limetamkwa haraka au limevutwa. Mwimbaji aweza kuzipitisha upesi silabi mbili za mwanzo, akakaa juu ya *-ku-*, yenye mkazo, kisha akaiachia *-ja* baada ya ngoma kukwisha kupiga. Msikilizaji hapotei, kwa sababu idadi ya silabi na vina vinamshikia mpangilio. Kinacholegea ni uhusiano wa neno na pigo, ilhali shairi lenyewe limebaki timamu. Kwa hiyo hesabu kali ya mizani ndiyo inayompa mwimbaji ruhusa ya kucheza na muda.

4. Hoja ya unyago

Yawezekana kudai kwamba ukwaruzo wa Bi Kidude ulitokana na sigara na uzee tu. Dai hili lina sehemu ya ukweli: alijulikana kwa kuvuta sigara, na rekodi zilizompa umaarufu wa kimataifa zilifanywa akiwa mkongwe. Hata hivyo, halielezi suala la muda. Bi Kidude alikuwa kungwi na mpigaji wa msondo, ngoma ndefu ya unyago. Mtu anayeshika pigo kwa mikono yake hawezi kudhaniwa kuwa halijui. Akiliacha kwa sauti, analiacha kwa kusudi. Aidha, katika unyago sauti hushindana na ngoma na viitikio vya wanawake bila kipaza sauti. Sauti ya kifuani, yenye nguvu na ukali, ndiyo inayofaa hapo.

Sifa za nje nazo hazikuondoa tatizo. Tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005 ilimtambua, lakini masimulizi mengi yaliyofuata yalimstaajabia kwa umri wake kuliko kuusikiliza ufundi wake.

5. Hitimisho

Wimbo wa *Kijiti* unaonyesha uzito wa suala hili. Siti aliutunga kuhusu mauaji ya mwanamke mgeni na kesi iliyowaadhibu wanawake waliotoa ushahidi huku mtuhumiwa akiwa ametoroka. Bi Kidude naye aliurekodi. Ukichapwa kama beti, huonekana kuwa matini moja. Ukisikilizwa, huwa maombolezo mawili tofauti, na malalamiko dhidi ya hukumu hukaa hasa mahali neno linapokataa kwenda na pigo. Mhariri anayenyoosha mivuto na marudio ili mizani itimie huifuta sehemu hiyo ya maana. Unukuzi wa taarabu unapaswa basi kuonyesha urefu wa silabi, vituo na ucheleweshaji, sambamba na vina. Bila hivyo, kumbukumbu itabaki na maneno ya wanawake hawa, na hukumu yao juu ya maneno hayo itapotea.