Fedha Ndani ya Risasi

Kuna maneno mawili ya Kiswahili yaliyonisumbua tangu utoto wangu. Risasi ni madini, tena ni kitu kitokacho kwenye bunduki. Fedha nayo ni madini, tena ni kitu kilichokuwa adimu nyumbani kwetu. Wazee waliposema kuwa katika risasi ya Mukwamba mna fedha, nilidhani ukiipasua risasi ya bunduki utaokota sarafu.

Baba yangu alikuwa kibarua mgodini Mukwamba, karibu na mji wa Mpanda. Mgodi huo ulikuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals, yenye jina la mahali pa huku huku kwetu. Kabla ya mgodi, hapa palikuwa pori la Wabende na Wakonongo, ndorobo wengi na watu wachache. Ni risasi iliyoleta reli. Njia ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914 bila kutugusa; ndipo likajengwa tawi kutoka Kaliua, kilometa zipatazo 210, likafunguliwa mwaka 1950. Mji uliota mwisho wa reli kama uyoga.

Siku moja baba alirudi na kipande cha jiwe lenyewe. Linaitwa galena. Msomaji ambaye hajalishika hawezi kuamini uzito wake. Dogo kama ngumi ya mtoto, nalo linavuta mkono chini. Linang'aa kama kioo, na ukiligonga linavunjika vipande vya pembe mraba, kana kwamba fundi amevikata. Nilijua hiyo ndiyo fedha. Sivyo. Ule mng'ao ni wa risasi iliyoungana na salfa. Fedha imo humo kidogo sana, na jicho haliioni.

Ndiyo maana baba alifanya kazi miaka minane asiione hata chembe. Mawe yalisagwa hadi yakawa unga, unga ukachanganywa na maji na dawa, hewa ikapulizwa, na chembe za galena zikapanda juu na povu huku mchanga ukizama. Povu likakaushwa, likapakiwa kwenye behewa, likaenda Dar es Salaam na kuvuka bahari. Ng'ambo ndiko walikoyeyusha. Risasi ni laini kwa moto, nyuzi 327 tu za Selsiasi zinaitosha. Fedha hungoja mpaka 962. Alexander Parkes, Mwingereza, alionyesha mwaka 1850 ujanja wa kuzitenganisha: ukitia zinki katika risasi iliyoyeyuka, fedha huihama risasi ikaifuata zinki, nayo zinki huelea juu kama mafuta kwenye mchuzi. Unaikwangua, unaiondoa zinki kwa moto, inabaki fedha, ambayo kwa kupitisha umeme na joto hakuna metali inayoishinda.

Bei ya risasi duniani ilianguka mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mwaka 1960 Mukwamba ikafungwa. Reli ilibaki, na mji ukabaki, ambao leo ni makao makuu ya mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012.

Mimi nikawa mwalimu, na kwa miaka mingi nilifundisha kemia katika chuo cha ualimu kabla ya kupewa ukuu wa shule. Jiwe la baba lilisafiri nami. Wanafunzi walilipitisha mkono kwa mkono, kisha wakaandika jedwali: uzito, rangi, nyuzi za kuyeyuka, nyuzi za kuchemka. Nilijivunia sana jedwali hilo.

Mwaka 2016 nilimtembelea mmoja wao. Alikuwa ameacha chaki akafungua duara la dhahabu, kama wengi wanavyofanya katika vilima vya Mpanda. Alinipokea kwa heshima, shikamoo Mwalimu, kiti kikaletwa jikoni kwa sababu nje mvua ilinyesha. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka. Upande mmoja pana sufuria ya maharage. Upande wa pili, juu ya kijiko cha chuma, donge la kijivu: dhahabu iliyoshikana na zebaki. Mtoto wake wa miaka kama minne alichuchumaa akilitazama ligeuke njano.

Nilimuuliza kama anajua anachofanya. Akacheka. "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha. Zebaki huchemka nyuzi 357. Basi naichemsha."

Alisema kweli. Namba ilikuwa sahihi, na sikuwahi kuwaambia inakwenda wapi baada ya hapo. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Unaingia mapafuni, unafika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka, na watoto ndio huumia zaidi. Kipo chombo rahisi cha kuchomea, kikombe chenye kifuniko na bomba, mvuke ukapoa na zebaki ikarudi kutumika tena. Nilimweleza yote hayo, nikichelewa kwa miaka thelathini.

Alinisikiliza kwa adabu. Akamwita mke wake, sufuria ikaondolewa, mtoto akapelekwa chumba cha pili. Donge aliliacha pale pale juu ya moto, kwa sababu mnunuzi alikuwa anamngoja mjini.

Jiwe la baba liko mezani ninapoandika. Wajukuu huomba kulishika. Siku hizi nimelitia kwenye chupa yenye kizibo, na nikiwaruhusu kuligusa, nasimama hapo mpaka wanawe mikono.