Kisiki cha mkuyu, chungu, na Wamisri wa kale

Likizo iliyopita, karibu na Dongobesh, nilisimama mbele ya kisiki cha mkuyu kando ya kijito. Kifupi, kinene kama kinu, na ubavuni kimechipua. Mimi nikawa nimeshakiona ndani ya chungu: bonsai ya maana! Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe akaniuliza natafuta nini. Nilipomweleza akacheka. "Kijana wangu, ukikichimba hicho, ukingo nao unaondoka. Wewe kata tawi."

Nilidhani ananifukuza kistaarabu. Kumbe ushauri wake una historia ya maelfu ya miaka.

Mkuyu (Ficus sycomorus) ni mti wetu wa Afrika. Maua yake yamejificha ndani ya kuyu lenyewe, na bila nyigu mdogo sana aitwaye Ceratosolen arabicus kuingia humo na kuyachavusha, hakuna mbegu. Sasa, mti huu ulipofika Misri, nyigu huyo hakuwepo. Makuyu yakatoka, mbegu hamna. Kwa kanuni za kawaida mkuyu ulipaswa kuishia hapo. Lakini wakulima wa bonde la Naili waliuendeleza kwa kukata matawi na kuyachomeka ardhini, kizazi baada ya kizazi. Walichanja matunda kwa kisu ili yaive, na mbao wakachongea majeneza, ambayo mengine yako makumbusho hadi leo.

Uganda nako, mutuba (Ficus natalensis), mti wa kutengenezea lubugo, hupandwa kwa vipande vinene vya matawi. Ukibanduliwa gome kwa uangalifu na kufunikwa, huotesha jingine. UNESCO iliiingiza kazi hiyo ya lubugo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008.

Siri iko chini ya gome. Pale kuna chembe hai zinazoweza kugeuka kuwa mzizi au chipukizi, na ndani ya mti kuna akiba ya wanga ya kuzilisha hadi majani yatoke. Ndiyo maana kipande kisicho na jani hata moja hakifi upesi.

Bonsai, sanaa ambayo Wajapani waliipokea kutoka China, hutumia nguvu hiyo hiyo. Unakata shina likiwa fupi, unaacha chipukizi moja lirefuke bila kuguswa mpaka linenepe, kisha unalikata karibu na shina na kuanza upya na jingine. Ukirudia hivyo kwa miaka kadhaa, shina linakuwa nene chini na jembamba juu, kama la mti mkubwa. Anayeanza na kisiki kinene anaruka miaka mingi ya kusubiri, na hapo ndipo tamaa ya kuchimba inapoingia. Ila mizizi ya kile kisiki ndiyo iliyoshika udongo wa kijito, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji.

Basi mzee alinipeleka shambani kwake, juu, mbali na maji, nikakata tawi nene kama mkono. Nililiacha likauke utomvu, nikalipanda kwenye mchanga, kivulini. Wiki ya sita likatoa chipukizi tatu. Mbili nimezikata.