Kisu Kinachofuliwa Ili Kipindwe

Kisu kimebanwa kwenye jiliwa, ncha chini, mpini juu. Mhunzi aliyekifua anachomeka bomba kwenye mpini apate nguvu ya kukisukuma, kisha anaanza. Nyuzi 30. Nyuzi 60. Waliomzunguka wamenyamaza, maana kila mmoja anausubiri mlio wa chuma kukatika. Kikifika nyuzi 90 kikiwa kizima, fundi mkuu anayesimamia anampa mkono. Kisu chenyewe hakitakata tena kitu.

Huu ndio mtihani wa American Bladesmith Society, chama cha wafua visu cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1976. Kabla ya jiliwa, kisu hicho hicho, chenye bapa lisilozidi inchi 10, kimekwisha kupita majaribu matatu. Kwanza hukata kwa pigo moja kamba nene ya inchi 1 inayoning'inia, bila mtu kuishika chini. Asiyewahi kujaribu hudhani ni kazi ndogo. Kamba isiyoshikwa hukimbia: makali yakilegea kidogo tu, husukumwa kando na kurudi na mkwaruzo. Baada ya hapo hukatwa mbao ya mbili kwa nne, vipande viwili, mara mbili. Halafu, bila kukipitisha kwenye kinoo, mhunzi hukitelezesha juu ya mkono wake, na malaika lazima yanyoleke.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kamba na mbao zinadai chuma kigumu. Jiliwa linadai chuma laini. Kisu kimoja kinatakiwa kiwe vyote viwili, na jibu limo katika kutia matiko. Mhunzi hupasha bapa moto mpaka sumaku isilishike tena, karibu nyuzi 770 za Selsiasi, huongeza kidogo, kisha hutumbukiza upande wa makali peke yake ndani ya mafuta ya vuguvugu. Mgongo huachwa nje upoe taratibu, ubaki laini. Makali yaliyotoka kwenye mafuta ni magumu lakini yanavunjika kama kioo, kwa hiyo hurudishwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi, mpaka chuma kilichosuguliwa kigeuke rangi ya majani makavu. Akizidisha joto, ukali unapotea. Akipunguza, kisu kinapasuka mbele ya watu.

Chuma kinachopendwa na wengi wanaojiandaa kwa mtihani huo huitwa 5160, cha jamii ya springi za magari. Wahunzi wetu hawatashangaa. Panga na visu vingi vya Afrika Mashariki vimefuliwa kutokana na springi kuukuu, na fundi wa Gikomba, Nairobi, anayezipiga nyundo juu ya kipande cha reli anakijua chuma hicho kwa mkono wake, hata kama hajawahi kusikia namba yake.

Aliyewasha upya moto huu Marekani ni William Moran wa Maryland, aliyezaliwa mwaka 1925 na kuanza kufua visu tangu ujana. Katika miaka ya 1960, watengeneza visu wengi wa huko walikuwa wameachana na fuawe. Walikata umbo kutoka katika bamba la chuma la kiwandani, wakalisaga kwa mashine, basi. Wafuaji walibaki wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1973, kwenye maonyesho ya watengeneza visu, Moran aliweka mezani visu vya chuma cha Dameski, vyenye mawimbi yanayotokana na tabaka za vyuma zilizounganishwa kwa moto na nyundo. Pamoja na visu hivyo aligawa bure kijitabu kinachoeleza namna ya kuvitengeneza.

Tendo hilo naliheshimu kuliko visu vyenyewe. Ufundi wa moto kila mahali umezoea kufichwa, na yeye alikuwa na kila sababu ya kuuficha.

Jina hilo la Dameski lilitokana na panga za zamani za aina nyingine, zilizofuliwa kwa chuma kilichoyeyushwa India, na hapo pwani yetu ina neno la kusema. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa India, kwa mafundi wa panga waliosifika.

Miaka 3 baada ya maonyesho yale, Moran na wenzake watatu walianzisha chama. Mwaka 1988 kikafunguliwa chuo katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Arkansas, ambako inasimuliwa kwamba mhunzi James Black alimfulia mpiganaji Jim Bowie kisu chake. Moran alifariki mwaka 2006. Anayetaka daraja la fundi mkuu leo hurudia majaribu yale yale kwa kisu cha Dameski chenye tabaka zisizopungua 300.

Majaribu ya kamba na mbao yakazaa michezo. Katika mashindano ya BladeSports, washiriki hukimbizana na saa wakikata mbao, kamba, chupa za maji, mpira wa tenisi, hata mrija wa kunywea, huku kisu kimefungwa mkononi kwa kitanzi kisije kikaruka kwa watazamaji. Bapa ni lile lile la inchi 10. Lakini mashindano hayana jiliwa. Kwa hiyo vyuma vikazidi kuwa vigumu, na visu vingi vya ushindani sasa hutengenezwa kwa chuma cha unga wa kiwandani kama CPM M4, vikakatwa kutoka katika bamba na kusagwa, njia ile ile ambayo Moran aliikataa akabaki kwenye fuawe. Vinakata ajabu. Vikipindwa nyuzi 90 vitavunjika.

Siwalaumu wanaovitumia, mshindani hutafuta ushindi. Lakini moyo wangu uko kwenye karakana ile ya mtihani, kwa mtu aliyefua peke yake, akatia matiko peke yake, na sasa amelishika bomba kwa mikono miwili akisikiliza.