Sabufa na Sauti ya Mzingo

Ruaha na Mikumi, wilayani Kilosa, kama kwingineko nchini, seti nzima ya spika huitwa sabufa. Kwa asili, jina hilo ni la spika moja tu, ile ya sauti nzito. Mwaka 1940 filamu ya Fantasia ilionyeshwa katika baadhi ya majumba ya sinema ya Marekani kwa spika zilizowazunguka watazamaji. Mwaka 1982 Dolby Surround ikaingia majumbani. Baadaye zikaja njia 5 za sauti, na 1 ya sauti nzito. Mfasiri wa maelekezo asipotenganisha sehemu na seti, msomaji ataunga waya pasipo pake. Twapendekeza sabufa ibaki spika hiyo. Mfumo mzima uitwe sauti ya mzingo.