Kutoka Voi hadi Taveta: Barabara Iliyopita Vitani

Wageni wengi wa Kaunti ya Taita Taveta huingia Tsavo, wakawatazama tembo waliojipaka vumbi jekundu, kisha wakashika njia ya kurudi Mombasa au Nairobi. Si ajabu, kwani hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1948, na sasa imegawanyika kuwa Tsavo Mashariki na Magharibi, imechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti. Lakini barabara inayotoka Voi kwenda magharibi, kupitia Mwatate, Bura na Maktau hadi mpakani Taveta, inastahili siku zake yenyewe. Ndiyo njia ya vita vya kwanza vya dunia katika Kenya.

Agosti 1914 Wajerumani, waliotawala upande wa pili wa mpaka, walivuka wakaiteka Taveta. Kutoka huko doria zao zilikatiza nyika kavu usiku na mchana ili kulipua Reli ya Uganda. Waingereza wakajibu kwa kujenga reli nyingine kutoka Voi, na katikati ya 1915 ilikuwa imefika Maktau. Leo Maktau ni kituo kidogo chenye makaburi ya askari wa Kihindi, na jirani yake ni Lumo, hifadhi ya jamii iliyopewa jina kutokana na herufi za kwanza za Lualenyi, Mramba na Oza, ranchi tatu za wenyeji walioamua kuunganisha ardhi yao. Simba na tembo hupita pale pale palipokuwa na kambi.

Mbele zaidi, mashariki ya Taveta, kuna Salaita. Ni kilima kifupi, mtu hukipanda bila kuhema sana, na juu yake nyika huonekana imetandazwa pande zote. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wengi wao wakiwa hawajawahi kupigana katika nchi hii, walitumwa kukiteka. Mizinga ya Waingereza ilishambulia kileleni. Lakini mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka. Waafrika Kusini walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa, na kikosi cha Wabaluchi kutoka India ndicho kilichowakinga walipokuwa wakiondoka. Mahandaki bado yanaonekana kwa anayeongozwa na mwenyeji. Karibu na hapo upo mbuyu wenye matundu ya risasi. Wenyeji husimulia kwamba mwanamke mmoja alijificha ndani yake akiwalenga askari wa Kiingereza.

Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts, kamanda mpya wa majeshi ya Waingereza, hakurudia kosa hilo la kukivamia kilima moja kwa moja. Alikizunguka kilima kwa kaskazini, akiwatuma wapanda farasi wa Van Deventer kwenye miinuko ya Ziwa Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita. Chala ni ziwa lililojaa ndani ya kasoko ya volkano, mpaka wa Kenya na Tanzania ukilipasua katikati. Kuteremka ukingo wake ni mwendo mzuri wa miguu. Kuogelea si busara, kwa sababu ya mamba.

Makaburi ya kijeshi ya Taveta yametunzwa vizuri, majani yamekatwa, mawe yakiwa na majina. Wapagazi hawamo kwa idadi yao. Wanaume waliochukuliwa kote Afrika Mashariki kubeba risasi na chakula cha majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na utapiamlo, na wengi sana hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliachwa nje ya kumbukumbu kwa misingi ya ubaguzi, ikaomba radhi. Kaunti inayotaka wageni wapande Salaita ina kila sababu ya kuweka bango la wapagazi chini ya kilima hicho, kwa Kiswahili kwanza, na kuwafundisha vijana wa Taveta wanaoongoza wageni kuanza simulizi lao hapo.