Divizio Skanderbeg: kiisha vita, Waalbania waliotumikia Ujerumani waliishia wapi?

Divizio Skanderbeg ilikuwa kikosi cha SS, jeshi la chama cha Hitler. Iliundwa mwaka wa 1944 na kujazwa na Waalbania, wengi wao kutoka Kosovo. Haikumaliza hata mwaka mmoja. Lakini deni lake lililipwa kwa miaka mingi, na mara nyingi waliolilipa si wale waliolikopa.

Ilitokea wapi?

Mwezi wa nne 1939, Italia iliingia Albania kwa nguvu. Miaka miwili nyuma yake, Ujerumani iliivunja Yugoslavia, na sehemu kubwa ya Kosovo ikaunganishwa na Albania chini ya Waitalia. Kwa Waalbania wa Kosovo hilo lilikuwa jambo kubwa. Chini ya serikali ya Belgrade walikuwa wamenyang'anywa mashamba kusudi yapewe walowezi Waserbia, na watoto wao hawakuwa na shule za lugha yao. Wengi waliogopa kurudi kule.

Italia ilipoweka silaha chini mwezi wa tisa 1943, Wajerumani wakachukua nafasi yake na kukuta ile hofu tayari. Mwaka uliofuata, Heinrich Himmler, mkubwa wa SS, akaagiza divizio iundwe. Jina walilochagua ni la Skanderbeg, shujaa wa karne ya 15 ambaye kila Mwalbania anamjua. Shujaa alikuwa wao, lakini komanda hakuwa wao: Jenerali August Schmidhuber alikuwa Mjerumani, na maofisa karibu wote vilevile.

Walijitolea kweli?

Hapa ndipo mambo yanapochanganyika. Kuna walioingia kwa hiari, juu ya chuki, pesa ao tumaini la kuilinda Kosovo. Kuna waliohamishwa kutoka divizio ingine ya SS, ile ya Bosnia iliyoitwa Handschar. Na kuna walioandikwa tu kwenye liste na wakubwa wa kwao. Kwa jumla, watu karibu 6,500 waliingizwa.

Kile kikosi kilifanya mabaya. Tarehe 14 mwezi wa tano 1944, wanajeshi wake waliingia katika nyumba za Wayahudi mjini Pristina na kukamata watu 281. Wengi wakapelekwa kambi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani. Raia Waserbia pia waliuawa na kufukuzwa makwao. Kumbe wakati uleule, familia nyingi za Albania, Waislamu kwa Wakristo, zilikuwa zinaficha Wayahudi ndani ya nyumba zao. Vita ilipoisha, Albania ilikuwa na Wayahudi wengi kuliko mwanzoni. Basi kusema "Waalbania walikuwa upande wa Hitler" ni kukata maneno vibaya.

Kwenye mapigano, divizio haikushika. Kufikia mwanzo wa mwezi wa kumi 1944, watu karibu 3,500 walikuwa wamekimbia. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja ikavunjwa. Mabaki yakaingizwa katika vikosi vingine vya Wajerumani, ambavyo vilirudi nyuma kuelekea kaskazini mpaka mwisho wa vita.

Wakubwa

Schmidhuber alikamatwa, akahukumiwa Belgrade na kunyongwa mwaka wa 1947. Josef Fitzthum, mwakilishi wa Himmler katika Albania, hakufika mbele ya korti: alikufa katika ajali ya gari mwezi wa kwanza 1945.

Xhafer Deva aliishia kwingine. Alikuwa waziri wa mambo ya ndani chini ya Wajerumani na alisaidia kutafuta watu wa kuingia kikosini. Aliponyoka, akapita inchi mbalimbali, mwishowe akaingia Marekani. Wakati ule Marekani na Urusi ya Kisovieti walikuwa wanavutana, na mtu aliyechukia wakomunisti alikuwa na faida yake. Deva alikufa California mwaka wa 1978, bila kusimama mbele ya jaji juu ya mambo ya vita.

Wale wa chini

Korti ya Nuremberg ilitoa hukumu yake mwaka wa 1946: SS ni kundi la wahalifu. Lakini majaji waliweka tofauti. Mtu aliyeingizwa na serikali bila kuwa na uchaguzi, na ambaye hakufanya uhalifu, asihesabiwe humo. Kwa kijana aliyeandikwa kwenye liste kisha akatoroka, yale maneno yalikuwa na maana kubwa. Shida ni kwamba katika milima ya Kosovo hakuna aliyeyapima hivyo.

Kule, hesabu ilikuwa imekwisha kuanza. Wanajeshi wa Tito, wakomunisti, waliingia Kosovo mwishoni mwa 1944. Wanaume wengi wakaingizwa kwa lazima katika jeshi lake na kutumwa kupigana mbali. Shaban Polluzha, aliyekuwa amepigana na wakomunisti mbele ya kuunganishwa nao, akakataa kuondoka na watu wake huku vijiji vya Drenica vikishambuliwa. Aliuawa mwezi wa pili 1945, na Kosovo ikawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Katika mwaka uleule, vijana waliotolewa Prizren walitembezwa kwa miguu mpaka bandari ya Bar, na wengi wakauawa pale. Hesabu inabishaniwa hadi leo: kuna wanaosema mamia, kuna wanaopita elfu moja.

Katika Albania yenyewe, Enver Hoxha alichukua madaraka. Korti ya pekee mjini Tirana ilihukumu wakubwa wa zamani mwaka wa 1945, na 17 wakauawa. Waliokimbilia Italia, Ugiriki na Ujerumani wakabaki katika kambi za wakimbizi. Kuanzia 1949, Uingereza na Marekani zilichukua baadhi ya wakimbizi wa Albania, zikawafundisha na kuwarudisha kwa siri kusudi waangushe serikali ya Hoxha. Siri ilivuja, na wengi wao waliuawa ao kukamatwa.

Jina ambalo halikufutika

Kwa miaka mingi, kumwita Mwalbania wa Kosovo "mtu wa Wajerumani" kulitosha kumfunga mdomo. Mwaka wa 1955 na 1956, polisi ya siri ya Aleksandar Ranković ilipita vijijini ikitafuta bunduki. Watu walipigwa, na kuna walionunua bunduki ili wapate ya kutoa. Wengi wao hawakuwahi kuvaa ile uniforme. Ranković aliondolewa mwaka wa 1966, na ndipo mateso hayo yakasemwa wazi.

Mwaka wa 2022, nyumba ya Deva katika mji wa Mitrovica ilikuwa inatengenezwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na shirika la Umoja wa Mataifa. Balozi wa Ujerumani akapinga, kazi ikasimamishwa. Kwa wengine ile ni nyumba ya zamani yenye uzuri wake. Kwa wengine ni jina la mtu ambaye Wayahudi wa Pristina hawawezi kumsahau. Waliokimbia kikosi mwaka wa 1944, na wanakijiji waliopigwa juu ya bunduki ambazo hawakuwa nazo, hawana nyumba ya kubishaniwa.